Mashine Inamtaka Mkubwa Wake

Mama Véronique wa mtaa wa Saio, Bunia, hawezi kuona vitu viwili vinavyofanana akaviacha vyote viwili. Sufuria mbili za ukubwa mmoja, moja itakwenda kwa jirani. Fagio mbili, moja itapelekwa kanisani. Ndivyo alivyo, na nyumba yake inang'aa kwa sababu hiyo, wala hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia kwamba usafi nao una siku yake ya kuleta balaa. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Kesho yake shule ilikuwa na proklamasio, siku ya kutangaza matokeo, wazazi wameshaalikwa, watoto wameshanyolewa, na buletini zao zote za alama zilikuwa bado ndani ya kompyuta ya Mama Véronique.

Tuseme jambo waziwazi, tusizunguke. Mama huyu alikuwa na sekretaria mbele ya nyumba yake: chumba kimoja chenye mlango wa barabarani na mlango wa nyuma wa kutokea uani, ambao ulifunikwa kwa pazia la kitenge. Ndani mlikuwa na kompyuta moja nzuri, imprimanti, mashine ya fotokopi na benchi la wateja. Watu walikuja kuandikisha barua za kuomba kazi na programu za harusi. Alhamisi, alipomaliza kufagia chumba, aliona bora aifagie na kompyuta. Akapekua huko chini kabisa ambako mashine huweka mambo yake, akakuta vifaili vidogo vyenye alama ya mshale, na kila kimoja kina jina lile lile la faili iliyokuwa katika folda ya mkwe wake, ambaye ndiye aliyeipanga mashine ile. Nakala, akasema moyoni, uchafu mtupu. Mashine ikamwomba neno la siri la mkubwa, maana vitu vya huko haviguswi na mtu hivi hivi. Akaliandika, kwa kuwa mkubwa wa mashine ile ni yeye na hakuna mwingine. Akavifuta vyote, akamwaga na pipa la takataka, akaenda kupika.

Ijumaa asubuhi alipoiwasha, mashine ilionyesha uso mweusi wenye maandishi meupe, na imprimanti ikanyamaza kama mtu aliyenuna.

"Juu ya nini imekuwa vile?" aliuliza Priscille, binti yake wa kwanza, ambaye ndiye aliyechapa alama za watoto wote kwa vidole vyake.

"Sijui. Miye niliisafisha tu."

"Uliisafisha na nini, Mama?"

"Na mikono."

Priscille alikaa kwenye benchi. Si buletini peke yake zilizomtia baridi. Mume wake, Michée, alifanya kazi Epulu, kwenye kituo cha mbuga ya okapi, akitunza kompyuta za watu wa huko, na alikuja Bunia kwa likizo mara moja moja. Likizo hii nayo ilikuwa inakwisha: Jumapili gari lingepita kumchukua, naye angemwona tena labda wakati wa Noeli. Lakini Direktere Lambert wa shule ile alikuwa ametoa ahadi: buletini zikitoka safi na kwa wakati, shule zote za kundi lao zitaleta karatasi zao kwa Mama Véronique. Kazi ikiwa nyingi hivyo, sekretaria ingehitaji mtu wa mashine wa kudumu, na Michée asingekuwa na sababu ya kupanda gari. Priscille alikuwa amelala na wazo hilo na kuamka nalo wiki nzima, hajamwambia mtu. Sasa wazo lenyewe lilikuwa mbele yake, jeusi, lenye maandishi meupe.

Kabla hajasema neno, Direktere Lambert mwenyewe akaingia, kalamu mfukoni, viatu vimepigwa rangi.

"Mama Véronique, bonjour. Nimepita kuangalia kama kazi yetu imetoka."

"Iko inatoka, Direktere," alisema Mama Véronique, akasimama mbele ya kioo cha kompyuta kwa upana wake wote.

"Naona imprimanti imelala."

"Inapumzika kidogo. Kazi ni mingi."

Direktere alinyoosha shingo kulia, Mama akahamia kulia. Akanyoosha kushoto, Mama akahamia kushoto. Mwisho akacheka kwa pua, kicheko cha mtu mwenye elimu, akasema kuna bureautique kubwa ya kuchapa karatasi pale mjini, yenye marumaru chini na hewa ya baridi, na wenyewe walimwomba kazi hii tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyewaambia hapana, kazi ibaki Saio, tusaidie mama zetu. "Nitarudi saa sita," alisema. "Kama bado inapumzika, nitajua nifanye nini."

Alipotoka, Mama Véronique alipangusa meza iliyokuwa safi tayari. Kusaidiwa kama maskini, mbele ya wateja wawili waliokuwa wakingoja fotokopi, kulimchoma kuliko mashine.

"Muite Papa Aaron," alisema.

* * *

Papa Aaron ndiye Michée. Aaron ni mtoto wao, na jina hilo la ubaba ndilo pekee ambalo Mama Véronique alilitumia kwa mkwe wake. Katika nyumba yao mama mkwe na mkwe mwanaume hawakai chumba kimoja, hawaangaliani usoni, hawasemeshani, wala mama hatamki jina la mkwe hata akiulizwa na polisi. Si chuki. Ni heshima, tena heshima ya juu kabisa. Ila heshima ya juu ina kazi yake ngumu, nayo kazi hiyo ilikuwa ya Priscille, ambaye tangu aolewe alikuwa anapeleka maneno ya mmoja na kurudisha ya mwingine, huku akiyapunguza makali njiani. Michée aliwahi kumwambia mkewe, kwa sauti ya chini, kwamba anajua desturi ni desturi, lakini angependa siku moja kujua kama yule mama anaona kazi anayomfanyia au anamvumilia tu.

Michée alikuja na kandambili miguuni, akasimama uani. Priscille akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Mama, Papa Aaron amefika. Tokea barabarani kidogo."

Mama Véronique akatoka kwa mlango wa mbele. Michée akaingia kwa mlango wa nyuma, akaketi, akapiga maneno yake kwenye ule weusi, akasoma, akashika kiuno.

"Amefuta maliyen yote," alisema.

"Maliyen ni nini?"

"Sikiliza. Mipangilio ya mashini, niliiweka yote fasi moja, mu folda moja, ili siku yenye mashini itakufa nichukue ile folda na niende nayo. Lakini mashini haitafutake pale. Inatafutaka mu mafasi yake yenyewe, huku na kule. Basi kila fasi niliweka kitu kidogo cha kumuonyesha njia. Ni kama mutu umesimamisha kwa kona, wageni wakifika anawaambia, nyumba ya Mama iko kule. Nyumba ingali, haina shida. Wale watu wa kona ndio wamefukuzwa."

"Na kuwarudisha?"

"Mustari mumoja kwa kila mutu. Dakika kidogo tu. Lakini mashini haikubali niguse fasi ile kama mukubwa hajaweka modepasi, ile neno yake ya siri." Akaangalia pazia. "Uambie Mama, kwa heshima, kwamba vile vitu havikuwa nakala. Mutu asiguse kitu chenye hakijui."

Priscille akaenda mlango wa mbele. "Mama, Papa Aaron anasema pole. Haina shida. Anaomba tu uweke modepasi."

"Ndiyo vile amesema?"

"Ndiyo vile."

Mama Véronique alimwangalia binti yake kwa jicho la mtu aliyezaa.

Sasa hapa ndipo Saio ilipopata sinema ya bure. Michée aliandika mstari wake wa amri, akaacha mashine inadai neno la siri, akatoka uani. Mama Véronique akaingia kwa mbele, akaketi, akaandika. Akasubiri. Akamwita Priscille.

"Hii kitu haiandike. Nabonyeza, hakuna kitu inaonekana."

Priscille akaenda uani, akarudi. "Anasema ni vile iko. Haionyeshake, juu ya watu wasione. Maliza, ubonyeze ile kubwa."

Mama akabonyeza ile kubwa. Mashine ikakataa. Akaandika tena, ikakataa. Mara ya tatu mashine ikamfukuza kabisa, ikabidi atoke nje barabarani ili Michée aingie aandike amri upya, kisha Michée atoke ili yeye aingie. Ingia, toka. Pazia likipanda, mlango wa mbele unafungwa. Mlango wa mbele ukifunguliwa, pazia linashuka. Jirani yao Micheline, aliyekuja tu kupiga fotokopi ya karte yake ya uchaguzi, alisahau kilichomleta. Alijipatia nafasi nzuri kwenye ngazi ya barabarani, akamwita na mwenzake.

"Hawa wanacheza nini?" aliuliza yule mwenzake.

"Wanatengeneza mashini," alisema Micheline. "Miye hata mu ndoa sijawahi kuona mchezo inapendeza vile."

* * *

Jua lilipanda. Mama Véronique alikuwa ameingia na kutoka mpaka kilemba kimemlegea. Michée, kule uani, alikuwa amechuchumaa karibu na pipa la maji, anafikiri.

"Muulize Mama, pole pole, labda aliibadilisha, akasahau."

Priscille alijua swali hilo haliwezi kupunguzwa makali, lakini alijaribu. "Mama, Papa Aaron anauliza kama ile modepasi ina ndugu."

"Anafikiri nimezeeka," alisema Mama Véronique.

"Hajasema vile."

"Naandika ile neno kila asubui kabla sijakunywa chai. Muambie kichwa yangu iko mzima. Mashini yake ndiyo haina kichwa." Na machozi ya hasira yakamjaa, akayafuta kwa pindo la kitenge haraka, kwa sababu Micheline alikuwa anatazama. Priscille alimwonea mama yake huruma. Mwanamke huyu alikimbia vita vya Djugu na watoto na godoro moja, akajenga chumba hiki, na leo anafukuzwa na mashine yake mwenyewe mbele ya jirani.

Chumba kikabaki kitupu kidogo, mmoja ametoka na mwingine hajaingia. Priscille akaketi mbele ya ule weusi, ambao kwa sasa haukuwa unadai neno la siri. Hakuwa na mpango wowote, alitaka tu kuona vidole vyake vinafanya nini hapo. Akaandika neno la kwanza lililomjia: Saio. Kwenye kioo likatokea Sqio. Akafuta, akaandika tena kwa uangalifu. Sqio. Akaandika jina la mama yao Bikira, Maria, likatokea jambo ambalo lingemfanya padri aache ibada.

"Papa Aaron," aliita, "kuya uone. Mashini inaandika ujinga."

Michée akaingia, akaona, akajipiga kofi la paji la uso. Kibodi. Mpangilio wa kibodi nao ulikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Herufi zilizochorwa juu ya vibonyezo ni za Kifaransa, kama Bunia yote inavyozijua, lakini mashine, kwa kukosa wa kumwonyesha njia, ilikuwa imerudia kibodi ya Waamerika. A ikawa Q, M ikahamia kwingine kabisa. Na yeye hakugundua kitu kwa sababu kule Epulu kompyuta za wafadhili zote ni za Kiamerika, na vidole vyake vinapita humo bila kumwuliza.

"Asubui yote nimekaa hapa naandika, na mikono yangu ilinidanganya," alisema. "Mama hakukosea hata mara moja."

Hilo Priscille alilipeleka mbio, na hakulipunguza hata punje. "Mama, Papa Aaron anasema hukukosea hata mara moja."

Mama Véronique alikaza kilemba chake. "Nilijua," alisema, lakini shingo yake ilinyooka.

"Basi aigeuze," alisema Micheline kutoka kwenye ngazi, maana sasa naye alikuwa fundi.

Haikuwezekana. Hata kugeuza kibodi, mashine ilimtaka mkubwa wake. Na ili mkubwa atambulike, sharti aandike neno lake kwenye kibodi iliyogeuka. Michée alieleza, Priscille akapeleka: penye A bonyeza Q, penye M bonyeza koma, penye Z bonyeza W. Mama akaketi akajaribu. Lakini mkono uliozoea njia hauulizi njia, na kila alipofika mahali fulani kidole kilikimbilia nyumbani kwake kwa zamani. Ikakataa. Ikakataa. Nje, mtu akasema saa tano imepita.

"Mama," alisema Priscille, "uniambie ile neno kwa sikio. Miye nitaandika."

"Siwezi."

"Nitaisahau hapo hapo."

"Siwezi, Priscille."

"Miye ni mutoto yako. Hauniamini?"

"Sijasema sikuamini. Nimesema siwezi kuisema. Kinywa yangu haiwezi kuitamka."

Micheline aliinamisha kichwa akijifanya hasikii. Priscille alihisi masikio yake yanawaka moto. Miaka yote anabeba maneno ya kila mtu, na neno moja la mama yake hastahili kulibeba? Kisha wazo la ajabu likampata: huenda neno lenyewe ni tusi. Mama Véronique, mtu wa kanisa, anaamka kila asubuhi anaandika tusi. Karibu acheke, pamoja na uchungu wake wote.

"Basi usiseme," alisema. "Onyesha tu na kidole. Weye utagusa herufi, miye nitabonyeza yenye inafaa."

Mama Véronique alifikiri. Aliinuka akawatoa wateja wote nje, Micheline akiwa wa mwisho na mwenye manung'uniko, akafunga mlango wa mbele. Akahakikisha pazia la nyuma limeshuka mpaka chini. Kisha akarudi, akaketi karibu na binti yake, bega kwa bega, akanyoosha kidole kilichopasuka kwa sabuni.

Akagusa A. Priscille akabonyeza Q. Akagusa K, Priscille akabonyeza K. S. Halafu A tena. N, T, I. Aksanti, Priscille akasoma kichwani, akashangaa, maana hilo si tusi hata kidogo. Alidhani wamefika mwisho, akapeleka kidole kwenye kile kibonyezo kikubwa.

"Bado," alisema Mama.

Kidole cha mama yake kilisita hewani kidogo, kisha kikashuka juu ya M. Priscille akabonyeza koma. I. C. H. Hapo mkono wa Priscille ulisimama wenyewe.

"Mama."

"E," alisema Mama Véronique, akigusa, macho yake ukutani. "Na E ingine. Bonyeza, mutoto. Watu wanangoja."

Priscille akabonyeza. Akabonyeza na ile kubwa. Mashine ilitulia kidogo, kisha ikaandika mstari mpya bila ugomvi, tayari kufanya lolote mkubwa atakalotaka.

"Ni yeye mwenyewe alituma uniambie," alisema Mama Véronique kwa haraka, kama mtu aliyekamatwa jikoni. "Ulisema hivi: Papa Aaron anasema uchague neno yenye hauseme hata siku moja, yenye haiwezi kukutoka hata mu ndoto. Nikatafuta. Ni neno gani nisiyosema hata siku moja? Nikachagua ile."

"Na aksanti?"

Mama aliinuka, akapangusa kiti kilichokuwa safi. "Na hiyo nayo," alisema, "ningemuambia fasi gani?"

Priscille alicheka, akaona anacheka na machozi, akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Kuna nini kule?" Michée aliuliza kutoka uani.

"Imekubali," alisema Priscille. "Ingia. Mama anatoka."

* * *

Michée aliwarudisha watu wake wa kona mmoja mmoja, mstari kwa mstari. Alianza na kibodi, akaandika Saio ikawa Saio. Akaja kwenye kioo, ule weusi ukaondoka, picha ya kawaida ya maua ikarudi. Mwisho akafika kwa imprimanti. Ilikohoa, ikaminya karatasi ya kwanza, ikaitoa ikiwa na joto, yenye jina la mtoto, alama zake, na mahali pa saini ya mzazi. Micheline ndiye aliyeanza kupiga kigelegele, na kwa kuwa hakuna mwanamke wa Saio anayeacha kigelegele cha mwenzake kipite peke yake, barabara nzima ikajibu bila kujua kinachosherehekewa.

Direktere Lambert alirudi saa sita kamili, ameshaandaa uso wa mtu wa kusikitika. Akakuta rundo la buletini mezani na Mama Véronique amekaa kando yake, ameweka mikono magotini.

"Imemaliza kupumzika," alisema Mama.

Direktere alichukua moja, akaisogeza kwenye mwanga, akatafuta kosa. Akachukua ya pili. Akatafuta tena, masikini, kwa bidii. Hatimaye alitoa kalamu mfukoni akaanza kutia saini pale pale, akaomba kiti, na chai pia kama ipo.

Jumamosi, uwanja wa shule ulijaa mpaka wengine wakakaa juu ya ukuta. Majina yalisomwa, mama wakakimbia mbele kumwagia watoto wao poda, na waliofaulu walirudi weupe kama wametoka kusaga unga. Aaron alikuwa wa nne katika darasa lake. Alibeba buletini yake kwa mikono yote miwili, akakataa isikunjwe. Direktere, katika hotuba yake, alishukuru sekretaria ya Saio, akasema mbele ya wakuu wa shule nyingine kwamba kazi nzuri iko karibu na nyumbani, kana kwamba hajawahi kuwaza jambo jingine. Mama Véronique alikaa upande wa akina mama, Michée upande wa akina baba, na uwanja wote katikati yao. Priscille aliwatazama wote wawili, siri ya mama yake imemjaa kifuani hata akashindwa kuimba.

* * *

Mchana ule ule, poda ikiwa bado kwenye nywele zote, Mama Véronique alimwita Priscille ndani ya sekretaria.

"Ile modepasi umeiona. Modepasi yenye imeonekana haifai tena. Muambie Papa Aaron aibadilishe."

"Mama, kuibadilisha, mashini inauliza kwanza ile ya zamani."

"Najua."

"Basi itabidi aiandike yeye."

"Priscille," alisema Mama, "nimesema najua." Akapita chini ya pazia, akaenda uani, na hakuenda mbali. Miguu yake ilionekana pale chini, imesimama.

Michée akaingia kwa mlango wa mbele, bado amevaa shati la sherehe. Jioni hiyo alikuwa akusanye vitu vyake. Gari la Epulu lingepita kesho baada ya ibada, na walikuwa hawajazungumza juu yake, kwa sababu kila mmoja aliogopa kuanza. Akaketi. Mashine ikauliza neno la zamani.

"Nipatie," alisema.

Priscille naye hamwiti mumewe kwa jina, hakuanza leo. Akaketi karibu naye, bega kwa bega, akanyoosha kidole. A, akagusa. K. S. A. N. T. I. Michée aliandika akitabasamu, maana aliona ni neno zuri kwa mtu wa kanisa. Kisha kidole kikashuka juu ya M, kikaenda I, kikaenda C. Tabasamu likamwondoka. Aliandika zilizobaki pole pole, kibonyezo kwa kibonyezo, na alipomaliza aliweka mikono mapajani akatazama kioo, ambako hapakuwa na kitu cha kuona ila vinukta.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Kila asubui. Kabla ya chai."

Mashine ilimwomba neno jipya. Haikupata. Michée alitoa kitambaa, akapenga kamasi, akajifanya ni poda. Kisha akakohoa, akageukia mke wake, kama siku zote.

"Uambie Mama, kwa heshima, kama anakubali, ninaomba niiache vile iko."

Priscille akasimama, akageukia pazia.

"Nimesikia," ilisema sauti ya Mama Véronique kutoka upande wa pili, nzito kidogo, ya mtu anayejaribu ngazi mpya kwa mguu. "Iache vile iko, Papa Aaron. Na ile gari ya kesho, Direktere anasema shule zingine zitaleta kazi Jumatatu. Miye peke yangu sitaweza."

Michée alishika ukingo wa meza.

"Ndiyo, Mama," alisema kwa pazia. "Nitampigia dereva sasa hivi. Jumatatu niko hapa."

"Ni vizuri."

"Aksanti, Mama."

Priscille alikuwa amesimama katikati ya chumba, mdomo wazi, tayari kupeleka. Alimtazama mume wake, akalitazama pazia, akagundua kwamba hakuna kilichobaki cha kupelekwa. Basi akaenda akaketi kwenye benchi la wateja, kama mtu yeyote aliyekuja kupiga fotokopi, akaanza kucheka.